Nani Alimfundisha Bata Kuogelea?

1. Kuku na watoto wa bata

Katika vijiji vingi, watu wanaofuga mabata wana desturi hii: huchukua mayai ya bata na kuyaweka chini ya kuku anayeatamia. Kuku hawezi kupambanua yai la bata na yai lake. Anayalalia yote kwa bidii, anayageuza kwa mdomo wake, anayakinga na baridi. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Mayai ya bata hukawia zaidi: siku 28 kwa mabata wa namna moja, na siku 35 hivi kwa mabata wakubwa wenye uso mwekundu. Kuku hachoki. Anangoja.

Siku ikifika, watoto wa bata wanatoka katika mayai. Wanamwona kuku, nao wanamfuata kila anapokwenda, mmoja nyuma ya mwingine. Akikwaruza ardhi, wanakuja. Akiita, wanakimbilia. Mtu akiwatazama atasema: hawa ni watoto wa kuku kweli.

Lakini siku moja kuku anapita pamoja nao karibu na mto au kidimbwi. Mara watoto wote wanaingia majini! Kuku anaogopa. Anakimbia huku na huku ukingoni, anatandaza mabawa, analia kwa nguvu. Watoto hawasikii. Wanaogelea vizuri sana, wanapiga maji kwa miguu, wanazamisha vichwa kutafuta chakula. Hakuna hata mmoja anayezama.

Hapa kuna maswali mawili. La kwanza: nani alimfundisha mtoto wa bata kuogelea? Si kuku, maana kuku mwenyewe hajui kuogelea. Hakumwona bata mwingine akiogelea. Basi hakuna aliyemfundisha. Alizaliwa na ujuzi huo.

La pili: nani alimwambia mtoto wa bata kwamba kuku ni mama yake? Ujuzi huo hakuzaliwa nao, kwa sababu si kweli. Aliupata siku ya kwanza, alipofungua macho na kumwona kuku mbele yake. Alijifunza.

Basi katika mnyama mmoja mdogo tunaona mambo ya namna mbili: yale aliyozaliwa nayo, na yale aliyojifunza.

2. Silika

Ujuzi ambao mnyama anazaliwa nao huitwa silika. Silika haifundishwi. Wanyama wote wa namna moja wanayo, nao wanaitumia kwa jinsi moja.

Mtazame buibui. Buibui wengi hutaga mayai, huyafunga katika mfuko wa nyuzi, halafu hufa kabla watoto hawajatoka. Watoto hawamwoni mama yao kamwe. Lakini kila mtoto akianza maisha yake hufuma utando kama ule wa mama yake: kwanza uzi wa kuvuka kutoka tawi hili mpaka tawi lile, kisha nyuzi zinazotoka katikati kama mitambo ya gurudumu la baisikeli, kisha uzi wa kuzunguka wenye ulimbo. Utando wa mtoto ni mdogo, lakini umekwisha kuwa na umbo lake. Mtu hujifunza miaka mingi kabla ya kuwa fundi wa kufuma nyavu. Buibui hajifunzi hata siku moja.

Je, tuseme basi kwamba buibui ana akili kuliko mtu? Hapana. Silika ina nguvu, lakini ni kama kipofu. Wataalamu wawili, Konrad Lorenz wa Austria na Nikolaas Tinbergen wa Uholanzi, walionyesha jambo hilo katika mwaka 1938. Walimchunguza bata bukini wa mwitu anayeatamia. Yai likibingirika nje ya kiota, bata bukini hunyosha shingo, huweka mdomo juu ya yai, na kulirudisha polepole mpaka kiotani. Ni kazi nzuri. Lakini wataalamu hao waliona kwamba, yai likiondolewa wakati ndege amekwisha kuanza kuvuta, yeye haachi. Anaendelea kuvuta mdomo wake mpaka kiotani, wala hakuna kitu chini yake! Kazi ikianza, lazima imalizike. Ndege hafikiri: “Yai liko wapi?”

Hiyo ndiyo silika: inakuja tayari, inafanya kazi vizuri siku zote ambazo mambo ni ya kawaida. Mambo yakigeuka, inapotea.

3. Namna ya kupambanua

Mtu akimwona mnyama akifanya jambo, atajuaje kama ni silika au kama amejifunza? Kumtazama tu hakutoshi. Mtoto wa ndege anayeimba kama baba yake, labda amezaliwa na wimbo huo, labda ameusikia kwa baba.

Wataalamu wana njia moja ya kujua. Wanamtenga mtoto na wazazi wake na wenziwe tangu yai. Hapo hawezi kuona wala kusikia mafundisho yoyote. Akikua na kufanya jambo lile lile kama wenziwe, basi jambo hilo ni silika. Akishindwa, basi lilihitaji kujifunzwa.

Kuna ndege ambaye huonyesha jambo hilo pasipo kazi ya mtaalamu. Ni kekeo. Katika Afrika yetu kuna kekeo mdogo mwenye mgongo wa kijani unaong’aa. Yeye hajengi kiota. Anangoja mpaka ndege mwingine aondoke, kisha anataga yai lake katika kiota cha mwenyewe. Mara nyingi huchagua kiota cha mnana, yule ndege wa manjano anayefuma viota vinavyoning’inia kwenye michikichi na miti ya vijijini.

Mtoto wa kekeo akiangua, bado ni kipofu na hana manyoya. Lakini anajiingiza chini ya mayai yaliyobaki, anayabeba kwa mgongo, na kuyasukuma nje ya kiota mpaka yaanguke. Nani alimfundisha ukatili huo? Hakuna. Mama yake yuko mbali. Mnana naye hajui kwamba mgeni amewaua watoto wake. Anaona kinywa kinachofunguka, anatia chakula. Hiyo nayo ni silika yake: kinywa cha mtoto kikifunguka kiotani, lazima kilishwe.

Kekeo akikua, je, anafuma kiota kama mnana aliyemlea? Hapana. Je, anaimba kama mnana? Hapana tena. Anaimba wimbo wa makekeo, ingawa katika utoto wake alisikia kelele za minana kutwa kucha. Basi wimbo wa kekeo ni wa kuzaliwa.

Kasuku yuko mbali na kekeo katika jambo hili. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayekaa katika misitu mikubwa ya Kongo, hujifunza sauti. Huko porini amesikiwa akiiga sauti za ndege wengine. Nyumbani kwa watu huiga jina la mtoto, kikohozi cha mzee, na sauti ya mlango. Mfugie kasuku kwa Mswahili, atasema maneno ya Kiswahili. Mfugie kwa mtu wa Kinshasa, atasema Kilingala. Hakuna kasuku aliyezaliwa na maneno ya Kilingala.

4. Mtu aliyekuwa mama wa mabata

Yule Lorenz, aliyetajwa hapo juu, aliwachunguza sana watoto wa bata bukini. Alichukua mayai ya mama mmoja, akayagawa. Sehemu moja aliiacha kwa mama mwenyewe. Sehemu ya pili aliiweka katika sanduku lenye moto wa kadiri, mayai yakaangua mbele ya macho yake. Watoto wale wa sanduku walimwona Lorenz kwanza. Wakamfuata! Alipotembea, walimwandama mmoja nyuma ya mwingine. Alipoingia ziwani kuoga, waliingia naye.

Siku moja aliwachanganya watoto wote chini ya sanduku moja, kisha akaliinua. Wakagawanyika mara moja: hawa wakaenda kwa mama bata, wale wakaenda kwa Lorenz.

Habari hizo aliziandika mwaka 1935. Zinaeleza kwa nini watoto wa bata wa kijijini humfuata kuku. Hamu ya kufuata ni silika: kila mtoto wa bata anazaliwa nayo. Lakini ni nani wa kufuatwa, jambo hilo anajifunza kwa macho, na muda wake ni mfupi sana, saa chache za kwanza au siku ya kwanza tu. Muda huo ukipita, ni vigumu kumgeuza.

Mwaka 1973, Lorenz, Tinbergen na mwenzao Karl von Frisch, aliyechunguza nyuki, walipewa tuzo kubwa ya Nobel kwa kazi yao juu ya desturi za wanyama.

5. Mnana anajizoeza

Watu wengine hufikiri kwamba jambo ni silika tupu au ni kujifunza tupu. Lakini mara nyingi vyote viwili vinafanya kazi pamoja, kama mkono wa kuume na mkono wa kushoto.

Mtazame tena mnana. Dume anauma ukingo wa jani la mchikichi, anaruka, na jani linachanika kuwa uzi mrefu. Anaufunga kwenye tawi jembamba. Anaongeza nyuzi mpaka ipatikane pete. Anasimama katika pete hiyo, anafuma mbele yake chumba cha mayai, kisha mlango unaotazama chini. Kazi ikiisha, anajining’iniza chini ya kiota, anapiga mabawa na kulia ili majike waje kutazama. Jike anaingia, anavuta nyuzi kwa mdomo wake kuona kama zimeshika. Asiporidhika, anakwenda zake. Na kiota kikikauka kuwa rangi ya udongo pasipo jike kukipenda, dume mwenyewe anakivunja na kuanza kingine.

Je, hiyo yote ni silika? Wataalamu wawili wa Marekani, Nicholas Collias na mkewe Elsie, walitaka kujua. Waliwalea madume wachanga pasipo kuwapa jani wala uzi wowote kwa muda wa miezi mingi. Kisha wakawapa majani. Vijana hao walitaka kufuma, lakini walishindwa. Nyuzi zilianguka. Wenzao waliokuwa wakichezea majani tangu utoto walifuma vizuri kuliko wao. Baada ya kujizoeza, wale walionyimwa nao waliendelea kidogo kidogo.

Basi mnana anazaliwa na hamu ya kufuma, tena anazaliwa na njia ya kufuma. Lakini mdomo wake unapata ustadi kwa mazoezi. Kiota cha kwanza cha dume kijana ni kibaya: kimelegea, kina matundu. Majike hawakitaki. Anakivunja, anarudia. Fundi hufanywa na kazi, hata akiwa ndege.

6. Kuku na kinu, mbwa na chakula

Kuna namna nyingine ya kujifunza ambayo kila mtoto ameiona nyumbani kwao. Mama akianza kutwanga, kuku wanatoka kila upande na kukimbilia kinuni. Kifaranga wa siku ya kwanza hakimbilii mlio wa kinu. Kwake mlio huo si kitu. Lakini siku baada ya siku, mlio unasikika na punje zinaanguka. Mwisho, mlio peke yake unatosha kumwita.

Ivan Pavlov, mganga wa Urusi, alilichunguza jambo hilo kwa mbwa. Mbwa akipewa nyama, mate yanamtoka. Hiyo ni silika. Pavlov alipiga sauti fulani kila mara kabla ya kumpa mbwa chakula. Baada ya siku kadhaa mbwa alitokwa na mate kwa kusikia sauti ile tu, hata kabla ya kuona chakula. Pavlov alipofanya sauti bila kuleta chakula, mara nyingi mfululizo, mate yalipungua tena. Basi jambo lililojifunzwa huweza kuondoka. Silika haiondoki hivyo.

Kwa njia hiyo mbwa wa mwindaji hujua kengele yake, na mbuzi aliyepigwa katika shamba la mihogo hujua kukimbia amwonapo mwenye shamba. Wema na maumivu humfundisha mnyama.

7. Shule ya sokwe

Wanyama wengine hujifunza kwa kutazama wenzao. Hao ndio wenye utoto mrefu.

Katika mwaka 1960, Jane Goodall, mwanamke kijana wa Uingereza, alikaa Gombe, kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa Tanganyika, ng’ambo ya nchi ya Kongo. Huko aliona sokwe akichukua kijiti chembamba, akakitia katika tundu la kichuguu, akangoja, akakitoa kimejaa mchwa walioking’ata, akawala. Tena aliona sokwe wakiondoa majani kwenye kitawi ili kifae kwa kazi hiyo. Hapo kwanza wataalamu wengi walisema kwamba ni mtu peke yake anayetengeneza vyombo. Tangu siku hiyo wakaacha kusema hivyo.

Mtoto wa sokwe hajui kuvua mchwa. Anakaa karibu na mama, anatazama, anachezea vijiti vilivyotupwa. Anachukua kijiti kinene mno, hakiingii. Anachukua kifupi mno, hakifiki. Inapita miaka kabla hajaweza. Huko Gombe wataalamu waliona pia kwamba watoto wa kike huwatazama mama zao kwa bidii, na watoto wa kiume hupenda kucheza. Nao wa kike walijua kazi hiyo zaidi ya miaka miwili kabla ya ndugu zao wa kiume!

Katika msitu wa Goualougo, nchi ya Kongo-Brazzaville, sokwe wana ufundi mwingine. Mchwa wa huko hukaa chini ya ardhi. Sokwe hutumia vyombo viwili: fimbo yenye nguvu ya kutoboa ardhi, kisha ubua mwembamba ambao wameutafuna ncha yake mpaka iwe kama brashi. Mchwa hushika vizuri kwenye nyuzi za brashi hiyo. Na mama za huko wameonekana wakiwapa watoto wao vyombo, hata ikiwa wenyewe wanapoteza muda wa kula.

Kaskazini mwa Kongo yetu, katika msitu wa Bili na Uele, sokwe hawavui mchwa kwa vijiti. Wanavivunja vichuguu kwa kuvipigisha chini au kwenye mizizi. Lakini wana fimbo ndefu sana za kukamatia siafu.

Ingekuwa silika, sokwe wote wangefanya jambo moja, kama buibui. Lakini kila nchi ina desturi yake, nayo inapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

8. Bibi wa kundi la tembo

Mtoto wa tembo anazaliwa na mkonga, lakini hajui kuutumia. Unaning’inia tu mbele ya uso wake. Ananyonya kwa kinywa. Akijaribu kunywa maji, hupiga magoti na kunywa kwa kinywa pia. Inampasa kujizoeza miezi mingi kabla ya kuvuta maji kwa mkonga na kung’oa nyasi.

Tembo anaweza kujifunza hata mambo ambayo tembo wenziwe hawajui. Karibu na mwaka 1900, Mbelgiji mmoja jina lake Laplume alianza kuwafuga tembo katika nchi ya Uele. Baadaye kazi hiyo ilihamia Gangala na Bodio, karibu na Garamba. Watu wengi walikuwa wakisema tembo wa Afrika hafugiki. Lakini huko walifundishwa kutii maneno, kuvuta magari na kuvuta majembe ya kulimia. Na tembo waliokwisha kuzoea walitumiwa kuwatuliza wale wapya.

Porini, mwalimu mkubwa ni tembo jike mzee. Yeye anaongoza dada zake, binti zake na wajukuu. Anajua njia, anajua maji. Ujuzi huo una faida gani? Habari ya Tarangire, katika Tanzania, inaeleza. Mwaka 1993 palikuwa na ukame mkubwa huko. Katika makundi matatu yaliyochunguzwa, mawili yaliondoka kwenda kutafuta maji na majani mbali. Moja lilibaki. Katika watoto 81 wa makundi hayo, 16 walikufa, na 10 kati yao walikuwa wa kundi lile lililobaki.

Sababu gani? Makundi yaliyoondoka yalikuwa na majike wazee ambao walikuwa hai wakati wa ukame mkubwa wa miaka 1958 hadi 1961. Lile lililobaki lilikuwa limekwisha kupoteza wazee wake, kwa kuwa majangili waliwaua kwa ajili ya pembe. Wataalamu wanaeleza kwamba wazee wale walikumbuka njia ya zamani. Mwindaji aliyeua jike mzee alifikiri amechukua pembe mbili tu. Kumbe alichukua pia njia ya kwenda majini, na watoto waliozaliwa baadaye wakafa kwa kiu na njaa.

9. Yatima wa bonobo

Bonobo ni ndugu wa sokwe. Katika dunia yote, bonobo wa porini wanapatikana katika nchi moja tu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa kusini wa mto mkubwa. Mtoto wa bonobo hunyonya kwa miaka minne hivi, na hukaa na mama yake miaka mingi zaidi. Hapo ndipo anapojua matunda yapi yanaliwa, majani yapi, na namna ya kukaa na wakubwa wa kundi.

Mwindaji akimwua mama, nyama yake inauzwa. Mtoto hana nyama ya kutosha, basi anauzwa akiwa hai. Watu wengine humnunua kwa huruma au kwa mchezo. Hawajui wanachokinunua. Mtoto huyo ana silika: anashika kwa mikono, ananyonya, analia akiwa peke yake. Lakini masomo yake yote yamekatika. Tena, kila anayenunua mtoto anamwita mwindaji aende kumwua mama mwingine.

Mwaka 1994, Claudine André alianzisha makao ya yatima hao, yanayoitwa Lola ya Bonobo. Yako karibu na Kinshasa. Mtoto akifika hupewa mwanamke mmoja wa kumlea. Mwanamke huyo humbeba, humnywesha maziwa, hucheza naye. Pasipo mama wa kushikamana naye, mtoto hukataa chakula na hufa, hata kama chakula kipo. Akipata nguvu, anaingizwa katika kundi la bonobo wenziwe, nao ndio walimu wake.

Mwaka 2009 kundi la kwanza lilirudishwa msituni, katika nchi ya Basankusu. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, fedha nyingi, na mikono ya watu wengi. Na yote hayo ni kwa ajili ya kurudisha kidogo tu ya kile ambacho mama mmoja angalimpa mtoto wake bure.

10. Mtoto wa mtu

Sasa umtazame mtoto mchanga wa nyumbani kwenu. Anazaliwa anajua nini? Anajua kunyonya. Anajua kulia. Ukitia kidole chako katika kiganja chake, anakishika kwa nguvu. Hayo ni silika. Lakini kifaranga wa siku moja anajitafutia chakula, na mtoto wa mbuzi wa siku moja anasimama na kumfuata mama yake. Mtoto wa mtu hawezi hata kugeuka kitandani.

Je, hiyo ni hasara? Hapana. Yule anayezaliwa na mambo machache tayari ana nafasi kubwa ya kujifunza. Hakuna mtoto aliyezaliwa na Kiswahili, wala Kifaransa, wala hesabu, wala ufundi wa kusuka kikapu. Mtoto wa kabila lolote, akilelewa mahali popote, atasema lugha ya hao waliomlea. Na mtu anapita wanyama wote kwa jambo moja: anaweza kuandika yale aliyojifunza, hata mtoto ambaye hakumwona akayasoma baada ya miaka mia.

Basi anayekwenda masomoni kila siku asidhani kwamba anafanya kazi ya bure. Na anayekutana porini na mtoto wa mnyama asimchukue kwa mchezo. Labda mama yake yuko karibu, amejificha tu. Akiona mtu anauza mtoto wa bonobo, wa sokwe au wa ngagi, asinunue. Sheria ya Kongo inakataza biashara hiyo. Aende kuwaambia wakubwa wa kijiji au walinzi wa wanyama wa Institut Congolais pour la Conservation de la Nature.

Maana mnyama aliyeuawa hafi na mwili wake tu. Anakufa pamoja na yote aliyotaka kumfundisha mtoto wake.

Maswali

1. Kwa nini kuku analia ukingoni wakati watoto wa bata wanaogelea?
2. Silika ni nini? Taja mfano mmoja.
3. Wataalamu hufanyaje ili wajue kama jambo ni silika au limejifunzwa?
4. Kekeo analelewa na mnana. Kwa nini haimbi kama mnana?
5. Kiota cha kwanza cha mnana kijana ni kibaya. Sababu gani?
6. Tunajuaje kwamba kuvua mchwa si silika ya sokwe?
7. Tembo wa Tarangire walipata faida gani kwa wazee wao?
8. Tazama mnyama mmoja wa nyumbani kwenu kwa siku tatu. Andika mambo mawili aliyozaliwa nayo, na mambo mawili aliyojifunza.